KUFUNGA NA KUBADILISHA MAWE YA KINOLEO CHA CHAMA

Wahenga walisema kwamba mwenye kisu kikali ndiye mla nyama. Katika chama cha ushirika kisu ni cha mwanachama, lakini jiwe la kukinolea ni la wote. Na kitu cha wote, kisipokuwa na utaratibu, hugeuka kuwa si cha mtu yeyote. Makala haya yanaeleza jinsi ya kufunga, kupima na kubadilisha jiwe la kinoleo chenye mwongozo, yaani kile kifaa ambacho kisu hubanwa mahali pamoja na jiwe likapitishwa juu yake kwa kuongozwa na ufito wa chuma. Yamekusudiwa kuwafaa makatibu, watunza stoo na wanachama wa vyama vya msingi vya mwambao wa Ziwa Tanganyika: wapasua samaki wa Kibirizi, Katonga na Ujiji, pamoja na wale wa vijijini wanaochambua mikungu ya michikichi.

UGOMVI WA MILIMITA KUMI NA MBILI

Uchukuliwe mfano wa chama cha wachakataji wa samaki chenye kinoleo kimoja, kilichotengenezwa na seremala kwa kusaidiana na mhunzi. Kila asubuhi wanachama wanaopasua migebuka na kuhe kwa ajili ya kukausha na kutia chumvi huleta visu vyao, hulipa ada ndogo, na kuondoka na makali mapya. Siku moja jiwe likaanguka sakafuni na kuvunjika vipande vitatu. Katibu akafanya lililo wajibu wake: kesho yake akaenda mjini, akanunua jiwe jingine zuri, akarudi na stakabadhi, na mtunza stoo akalifunga mahali pa lile la zamani.

Tangu siku hiyo visu havikukata. Mtunza stoo alipitisha jiwe mara mia, mgongo ukamuuma, na kisu kikarudi kwa mwenyewe kikiwa kinang'aa upande lakini butu vilevile. Juma la pili mwanachama mmoja, akilazimisha kisu hicho kupita kwenye mfupa wa kuhe, kikateleza na kumpasua kiganja. Mkutano ukaitwa. Wapo waliosema Katibu amenunua jiwe bandia na kula tofauti ya fedha. Wapo waliosema mtunza stoo amechoka na kazi. Stakabadhi ilipitishwa mkono kwa mkono na haikumridhisha mtu. Wanachama kadhaa wakaacha kuleta visu vyao, wakarudi kunoa juu ya mawe ya ufukweni.

Jiwe lilikuwa zuri, Katibu hakuiba, na mtunza stoo hakuwa mvivu. Jiwe la kwanza lilikuwa na unene wa milimita 13, nalo jipya lilikuwa na unene wa milimita 25. Tofauti hiyo ya milimita 12 ndiyo iliyozaa ugomvi wote, na rula ya mwanafunzi ingeuzuia.

SEHEMU ZA KINOLEO NA KAZI ZAKE

Kinoleo chenye mwongozo kina sehemu tano. Ya kwanza ni kitako, yaani ubao mzito usiotikisika. Ya pili ni jiriwa, ambayo hubana kisu kikiwa kimelala, makali yakitazama nje. Ya tatu ni nguzo iliyosimama upande wa pili, nayo ina egemeo, yaani tundu linaloweza kupandishwa na kushushwa na kukazwa kwa nati. Ya nne ni ufito wa chuma ulionyooka, ambao hupita katika tundu la egemeo na kuteleza ndani yake. Ya tano ni jiwe lenyewe, likiwa limefungwa juu ya bapa la chuma au la ubao mgumu lililoshikamana na ufito.

Faida ya kifaa hiki ni moja, nayo ni kubwa. Mkono wa binadamu, hata uwe wa fundi, hupanda na kushuka. Lakini ufito uliopita katika tundu lisilosogea hulazimika kulishika jiwe katika pembe ile ile tangu pigo la kwanza hadi la mwisho. Hivyo mwanachama asiye na uzoefu hupata makali yaliyo sawa na ya mwenye uzoefu. Huo ndio usawa unaokifanya kifaa hiki kifae katika ushirika.

Hata hivyo kinoleo hiki ni cha visu vilivyonyooka au vyenye mkunjo mdogo. Panga, shoka, na mundu wa kukatia mikungu ya michikichi mirefu havibaniki vizuri katika jiriwa yake. Hivyo hunolewa kwa tupa na kumalizwa kwa kinoo cha mkononi. Kulazimisha mundu ndani ya jiriwa ni kuvunja jiriwa na kuharibu mundu.

KWA NINI UNENE WA JIWE HUBADILI PEMBE

Pembe ya makali haitokani na jiwe, bali na kimo cha egemeo kulinganishwa na umbali wake kutoka kwenye makali. Egemeo likiwa juu, jiwe huinama zaidi na makali huwa manene na yenye nguvu. Likiwa chini, jiwe hulala zaidi na makali huwa membamba na makali sana, lakini dhaifu mbele ya mfupa.

Jiwe hukaa kati ya ufito na makali. Likiwa nene, uso wake unaogusa kisu hushuka mbali na ufito, na pembe hupungua. Likiwa jembamba, pembe huongezeka. Kwa hiyo hata jiwe moja lisilobadilishwa hubadili pembe taratibu kadiri linavyolika, na ndiyo maana kinoleo kilichonoa vizuri mwaka jana huweza kukwaruza mwaka huu bila mtu kukigusa.

Katika mfano uliotajwa, umbali kutoka nguzo hadi makali ulikuwa milimita 250 na egemeo lilikuwa limewekwa kwa pembe ya digrii 20. Jiwe lilipozidi unene kwa milimita 12, pembe ilishuka hadi kama digrii 17 na nusu. Digrii mbili na nusu ni kidogo kwa macho, lakini zilitosha kulifanya jiwe liguse bega la makali tu, yaani pale juu ambapo mteremko unaanzia, wala lisifike kwenye ukingo unaokata. Mtunza stoo alikuwa akinoa ubavu wa kisu.

Kwa kinoleo chenye umbali wa milimita 250, kimo cha egemeo juu ya usawa wa makali, kabla ya kuhesabu unene wa jiwe, ni kama ifuatavyo:

Digrii 15 kila upande, kwa visu vyembamba vya kuchania minofu: milimita 67.
Digrii 20 kila upande, kwa visu vya kupasulia samaki vinavyokutana na mifupa: milimita 91.
Digrii 25 kila upande, kwa visu vizito vya kuchambulia mikungu ya michikichi: milimita 117.

Juu ya kila kimo huongezwa unene kuanzia katikati ya ufito hadi uso wa jiwe, pamoja na milimita moja au mbili za fidia ya mwinamo. Kwa mfano, ikiwa unene huo ni milimita 20, egemeo la digrii 20 huwekwa kwenye milimita 112. Kanuni ya kukumbuka ni nyepesi: jiwe jipya likizidi la zamani, egemeo hupandishwa kwa kiasi hicho hicho na kidogo zaidi, likipungua, hushushwa vivyo hivyo. Katika mfano huu milimita 12 za jiwe zilidai egemeo lipande milimita 13 hivi.

KUCHAGUA JIWE

Kisu cha chuma kigumu hunolewa na kitu kigumu kuliko chenyewe. Mawe ya mchanga yanayookotwa ufukweni hunoa kwa sababu chembe zake za kwazi huushinda kidogo ugumu wa chuma cha visu vingi. Lakini ushindi huo ni mdogo, kazi huwa ndefu, na uso wa jiwe la kuokota hauko sawa. Mawe ya kiwandani hutengenezwa kwa chembe ngumu zaidi. Silikoni kabaidi, ambayo Edward Goodrich Acheson aliigundua nchini Marekani mwaka 1891, hukata upesi na ni nafuu. Aluminiamu oksaidi hukata polepole zaidi lakini huacha makali laini. Zipo pia sahani za chuma zilizopakwa chembe za almasi. Hizo hazipungui unene kwa kiasi cha kuonekana, hivyo hazibadili pembe, ila zikisha kupara hazifufuliwi.

Kila jiwe la kiwandani lina namba ya ukubwa wa chembe. Namba ndogo ni jiwe la kukwaruza, namba kubwa ni jiwe la kulainisha. Kwa kazi ya samaki chama kinahitaji mawe mawili tu: moja la namba 200 hadi 300 la kurudisha makali yaliyopotea, na jingine la namba 600 hadi 1000 la kumalizia. Jiwe lenye pande mbili, mbavu na laini, ni zuri mkononi lakini si zuri katika kinoleo, kwa kuwa upande mmoja ni lazima ufungwe kwenye bapa na hivyo hupotea.

Mawe mengi ya madukani yana upana wa milimita 50, ilhali bapa la kinoleo huhitaji milimita 25 tu. Jiwe kama hilo huweza kupasuliwa mawili kwa urefu wake na fundi mwenye mashine ya kukatia vigae inayotumia maji, na chama kikapata mawe mawili kwa bei ya moja. Kazi hiyo isifanywe kwa msumeno wa chuma, kwani jiwe hula meno ya msumeno. Wala isifanywe pakavu, kwa kuwa vumbi lake hudhuru mapafu.

KUONDOA JIWE LA ZAMANI

Jiwe lililobandikwa kwa gundi haling'olewi kwa nyundo. Nyundo hupinda bapa, na bapa lililopinda halitashika tena jiwe lolote sawasawa. Njia iliyo salama ni hii:

1. Ufito uondolewe katika egemeo, na bapa lifunguliwe kutoka kwenye ufito ikiwa limefungwa kwa skrubu.

2. Unene wa jiwe la zamani upimwe katika ncha zote mbili na katikati, na vipimo viandikwe kabla ya kufanya lolote jingine. Jiwe likishatupwa, kipimo chake kimetupwa pamoja nalo.

3. Ikiwa bapa ni la chuma, liwekwe pamoja na jiwe lake ndani ya sufuria ya maji baridi, kisha maji yachemshwe taratibu na kuachwa yachemke kwa muda wa kama nusu saa. Gundi nyingi za mchanganyiko wa mirija miwili hulainika kwa joto hilo. Jiwe au bapa lisiwekwe juu ya mkaa au moto wenyewe: jiwe lililonyonya maji huweza kupasuka ghafla na kurusha vipande.

4. Jiwe lisukumwe pembeni kwa patasi butu ya mbao, mkono ukiwa umevaa kitambaa kinene. Likikataa, lirudishwe majini.

5. Gundi iliyobaki ikwanguliwe, kisha bapa lisuguliwe kwa msasa hadi chuma kitupu kionekane. Mwishowe lifutwe kwa spiriti na lisiguswe tena kwa vidole, kwani mafuta ya ngozi huizuia gundi mpya kushika.

Vipande vikubwa vya jiwe lililovunjika visitupwe. Huweza kutumika mkononi kunolea mikasi na ndoana, au kusawazishia mawe mengine.

KUSAWAZISHA JIWE JIPYA

Jiwe lenye bonde katikati hunoa kisu chenye kilima. Kwa hiyo kila jiwe, jipya au kuukuu, lisawazishwe kabla ya kufungwa. Kinachohitajika ni kipande cha kioo kinene, msasa wa maji wa namba 120, na maji. Michoro ya penseli ichorwe juu ya uso mzima wa jiwe kama nyavu. Msasa ulazwe juu ya kioo, ulowanishwe, na jiwe lisuguliwe juu yake kwa mwendo wa duara. Michoro ikifutika kote kwa pamoja, jiwe limenyooka. Ikibaki mahali fulani, hapo ndipo penye bonde, na kazi iendelee.

Upande utakaobandikwa nao usawazishwe vivyo hivyo. Jiwe lililokalia bapa kwa pembe tatu tu litavunjika siku ya kwanza litakapobanwa kwa nguvu.

KUFUNGA KWA GUNDI NA KUFUNGA KWA KABARI

Njia ya gundi ni imara na nyepesi. Gundi ifaayo ni ile ya mirija miwili, inayochanganywa sehemu sawa kwa sawa. Gundi ya viatu haifai, kwa kuwa hubaki na ulaini na jiwe hutikisika juu yake. Gundi ya papo hapo nayo haifai, kwa kuwa hushindwa na maji na mitikisiko. Ikiwa jiwe limewahi kutiwa mafuta, lichemshwe kwanza katika maji ya sabuni, lisuuzwe na likaushwe siku mbili kivulini. Gundi haishiki juu ya mafuta.

Gundi ipakwe tabaka jembamba, jiwe lilazwe, lisogezwe kidogo mbele na nyuma ili hewa itoke, kisha liwekewe uzito wa wastani kama tofali moja. Uzito mkubwa mno hukamua gundi yote nje. Kabla gundi haijaganda, unene upimwe tena katika ncha mbili. Upande ulio juu zaidi ubonyezwe. Kisha kazi iachwe hadi kesho yake. Kinoleo kinachotumika gundi ikiwa bado mbichi hurudi kwa fundi siku hiyo hiyo.

Njia ya pili haina gundi, nayo inafaa zaidi kwa chama chenye mawe mawili au matatu ya kubadilishana. Bapa hutengenezwa na kizuizi kisichosogea katika ncha moja, na katika ncha ya pili kizuizi kinachosukumwa na skrubu au kabari ya mbao ngumu. Jiwe hukaa kati ya vizuizi hivyo na hukazwa kwa vidole tu, si kwa koleo. Vizuizi viwe vifupi kuliko jiwe kwa milimita 5 au zaidi, visije vikagusa kisu. Chini ya jiwe pawekwe karatasi nene au ngozi nyembamba ili lisikae juu ya chuma kitupu. Kwa njia hii jiwe hubadilishwa kwa dakika moja.

Chama kisicho na fundi wa kutengeneza bapa la namna hiyo huweza kuomba ushauri katika ofisi ya SIDO, shirika lililoundwa mwaka 1973 kuhudumia viwanda vidogo, au katika chuo cha ufundi stadi cha VETA. Mchoro wenye vipimo upelekwe. Maneno matupu hayatoshi.

KUPIMA KWA MASIZI

Baada ya jiwe kufungwa na egemeo kurekebishwa kwa rula, hakikisho la mwisho hutolewa na kisu chenyewe. Makali ya kisu yapakwe masizi ya taa au ya chungu yaliyochanganywa na tone la mafuta. Kisu kibanwe, na jiwe lipitishwe mara tatu tu bila kukandamiza. Kisha makali yatazamwe penye mwanga.

Masizi yakiwa yameondoka penye bega, juu ya mteremko, na kubaki penye ukingo, pembe ni ndogo mno, egemeo lipandishwe. Yakiwa yameondoka penye ukingo tu, pembe ni kubwa mno, egemeo lishushwe. Yakiwa yameondoka kote kwa usawa, egemeo likazwe na alama ichongwe kwenye nguzo, pamoja na namba ya jiwe lililotumika. Kila jiwe la chama liwe na alama yake kwenye nguzo. Mtu yeyote atakayelifunga baadaye hatahitaji kukisia.

Kunoa kuendelee upande mmoja hadi ukunjo mdogo wa chuma uhisiwe kwa kidole upande wa pili, katika urefu wote wa kisu. Ukunjo huo ndio ushahidi kwamba jiwe limefika ukingoni. Kidole kipite kutoka mgongo wa kisu kuelekea nje, kamwe kisipite kandokando ya makali. Ndipo kisu kigeuzwe na upande wa pili unolewe, na mwisho jiwe laini litumike kuuondoa ukunjo kwa mapigo mepesi ya kupokezana.

MATUNZO YA KILA SIKU

Kwa visu vya samaki litumike jiwe la maji, si la mafuta. Mawese yasitumike kamwe juu ya jiwe: huganda, huziba vitundu vya jiwe, na baada ya siku chache huchacha na kuacha harufu katika kisu na katika samaki. Jiwe lililozibwa huteleza juu ya chuma bila kukata, na mtumiaji hudhani limekwisha. Lioshwe kwa maji ya moto na sabuni kwa brashi, na mara nyingi litafufuka.

Jiwe lisikandamizwe. Uzito wake na wa ufito vinatosha. Mapigo yagawanywe katika urefu wote wa jiwe, maana kutumia katikati tu huchimba bonde. Baada ya kazi jiwe likaushwe na lisimamishwe katika kisanduku chake, ufito upakwe mafuta kidogo usishike kutu, na kinoleo kiwekwe mahali ambapo watoto hawafiki.

Wavuvi wa taa hupumzika siku za mbalamwezi, kwa sababu dagaa hawakusanyiki vizuri penye taa mwezi unapoangaza. Siku hizo zifanywe kuwa siku za kukagua jiwe: kupima unene, kutazama bonde, kukaza nati na kurekebisha alama. Mwaka 2024, uvuvi ulipofungwa upande wa Tanzania wa Ziwa Tanganyika kuanzia tarehe 15 Mei hadi tarehe 15 Agosti ili samaki wazaliane, vyama vilipata miezi mitatu ambayo zana zingeweza kutengenezwa bila kuzuia kazi. Kipindi cha namna hiyo kinaporudi, matengenezo makubwa yawekwe humo, wala yasingoje asubuhi ya siku ambayo mitumbwi inarudi imejaa.

JIWE LA MASHINE LISIUNGANISHWE

Yote yaliyoelezwa hapa yanahusu jiwe lisilozunguka. Vyama vyenye mashine ya kunolea inayozungushwa kwa umeme au kwa injini vitambue kwamba sheria yake ni nyingine. Jiwe la mashine lililopasuka halibandikwi gundi. Linapozunguka kwa kasi hufumuka na vipande vyake huua. Kabla ya kulifunga, jiwe hilo lining'inizwe kwa kidole au kijiti tunduni na ligongwe taratibu kwa mpini wa mbao: likitoa mlio safi ni zima, likitoa mlio uliokufa lisifungwe. Kasi iliyoandikwa juu yake isiwe chini ya kasi ya mashine, na mtumiaji avae miwani ya kazi. Aidha, mashine hiyo huchemsha makali. Kisu kikigeuka rangi ya samawati ugumu wake umepotea, na hakuna jiwe litakaloufanya urudi.

HESABU NA KUMBUKUMBU

Kinoleo ni mali ya kudumu na huandikwa katika daftari la mali ya chama. Jiwe huisha kwa matumizi, hivyo huandikwa katika leja ya stoo: lililoingia, lililotolewa, lililobaki. Vitu hivi viwili visichanganywe, kwani ndipo hesabu ya mwaka inapokuja kuonyesha vinoleo vinne mahali penye kimoja na mawe matatu yaliyokwisha.

Bei ya jiwe ijengwe ndani ya ada. Kwa mfano, ikiwa jiwe limenunuliwa kwa shilingi 18,000 na likanoa visu 600 kabla ya kwisha, kila kisu kimekula shilingi 30 za jiwe. Chama kinachotoza shilingi 200 kwa kisu kisihesabu shilingi zote 200 kuwa pato la kugawanya. Shilingi 30 ziwekwe kando kila mara, na siku jiwe litakapovunjika fedha za jingine zitakuwapo bila kuchangishana.

Karibu na kinoleo itundikwe kadi yenye safu sita: tarehe, namba ya jiwe, unene wake, kimo cha egemeo, jina la aliyelifunga, na sahihi ya Katibu. Wakaguzi wa COASCO, shirika lililoanzishwa mwaka 1982, hawapimi ukali wa visu. Lakini kadi kama hiyo ikilingana na stakabadhi na leja huwajibu maswali kabla hayajaulizwa. Kwa wanachama faida yake ni kubwa zaidi. Katika chama kile cha mfano, kama kadi ingekuwapo, mtu yeyote angesoma 13 katika mstari wa juu na 25 katika mstari wa chini, na neno la wizi lisingetamkwa.

Mkutano wa chama hicho ungeweza kumalizika kwa namna mbili. Ungeweza kumfukuza Katibu mwaminifu na kununua jiwe la tatu, ambalo nalo lisingekata. Au mwanachama mmoja angeweza kuomba rula, akapima vipande vya jiwe lililovunjika, akapima jipya, akalegeza nati, akapandisha egemeo milimita 13, na kumwomba yule aliyefungwa kitambaa kiganjani alete kisu chake kwanza. Kila chama kinapaswa kujiandaa kwa namna ya pili. Maandalizi yake ni rula, kadi, penseli na masizi.